Cheti cha Pumziko la Ukoo

Florin Caduff alikuwa hata hajameza kijiko cha pili cha supu ya shayiri hotelini aliposikia mtu mzima akilia meza ya jirani, tena akilia kwa sababu watu wanataka kumpa cheo.

Aliyekuwa akilia ni Toni Imholz, mwenye hoteli hiyohiyo, pande la mtu lenye mikono ya kubebea mapipa. Aliyembembeleza ni Sepp Walker, mfuga ng'ombe, ambaye kofia yake ilikuwa haijavuka mlango wa kanisa bila yeye kuivua wala kuvuka mlango wa baa yeye akiivua.

"Nimesikia kwa masikio yangu, Sepp. Wapiga shabaha wa klabu yetu wamekaa Ijumaa, wakataja jina langu. Mwenyekiti wa mji! Mimi!"

"Pole, ndugu yangu."

"Pole ya nini? Si ulikuwepo nilipotajwa?"

"Nilikuwepo, ndiyo maana nikawahi kukutaja. Ningezubaa wangenitaja mimi."

Florin akaacha kijiko hewani. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akila kwa ulimi wake. Alishamuuzia daktari wa meno wa Zurich ubaroni, na alishawauzia wajane watatu wa Basel hisa za chemchemi ya maji ya kuponya baridi yabisi, chemchemi ambayo mpaka leo haijapata kutoa tone. Lakini alikuwa hajawahi kukutana na watu wanaolia kwa kuogopa madaraka. Akasogeza kiti chake kidogo, akatega sikio.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Sheria ya jimbo lile la milimani, sheria ya tangu mababu, ilisema kwamba raia akichaguliwa na wenzake kushika kazi ya umma, atake asitake, ataishika kwa miaka minne. Akikataa, anaitwa mbele ya jaji wa jimbo akajieleze. Meinrad, mwenyekiti aliyekuwa anamaliza muda, alichaguliwa siku aliyokuwa hospitali anakatwa kidole tumbo. Alizinduka kwenye dawa ya usingizi akakuta maua kitandani na barua ya pongezi, akadhani amekufa. Tangu hapo hakuna mtu wa mji ule wa Wasseregg aliyethubutu kukosa mkutano wa raia, hata awe na homa, maana asiyehudhuria ndiye huchaguliwa kwanza.

Ziko nchi, msomaji, ambazo mtu hugawa kanga, sukari na fulana zenye sura yake ili apate kiti cha namna hiyo, na akishakipata hatoki mpaka atolewe na jeneza. Mimi natoka huko na sijifichi. Wasseregg mambo yalikuwa kinyume, na nimeishi nao miaka mingi kiasi cha kujua kwamba si kwa sababu wao ni malaika. Kiti chao hakina gari wala mlinzi. Kina mifereji ya theluji, ugomvi wa mipaka ya malisho, na simu ya mtu anayelalamika kwamba kengele za ng'ombe wa jirani zinamnyima usingizi.

"Samahani, ndugu zangu," Florin alisema, akiinuka na kikombe chake cha kahawa iliyotiwa pombe ya peasi. "Sikutaka kusikiliza, ila masikio hayana kifuniko. Mimi ni Daktari Caduff. Nasomesha sheria za katiba."

"Wapi?" Sepp aliuliza.

"Panapohitajika." Akaketi bila kukaribishwa. "Bwana Imholz, ukoo wako umetumikia mji huu vizazi vingapi?"

Toni akajifuta pua. "Baba alikuwa diwani. Babu alikuwa mweka hazina. Babu yake babu alikuwa mwenyekiti, akaanguka kutoka kwenye daraja akilikagua."

"Vizazi vitatu na zaidi! Na hakuna aliyewaambia?" Florin akatikisa kichwa kwa huzuni ya mganga aliyeitwa mgonjwa akiwa amekwisha kata roho. "Waraka wa mwaka 1491. Haki ya Pumziko la Ukoo. Ukoo wowote wa mji huu uliotumikia vizazi vitatu, kizazi kinachofuata hupumzika. Haujafutwa mpaka leo. Watu wamesahau tu kuudai."

Sepp alitoa kofia kichwani, jambo ambalo baa ile haikuwahi kuliona.

"Na hiyo haki mtu anaipataje?" Toni aliuliza taratibu.

"Kwa cheti. Hutolewa na mtaalamu, kwa muhuri, kwa siri. Siri ndiyo muhimu, nielewe vizuri. Wakijua wote, jimbo litafunga mlango huo kesho asubuhi."

Toni alikuwa tayari ameingiza mkono mfukoni kutafuta pochi, mara akautoa mtupu. Macho yake yalikuwa makavu sasa, macho ya mwenye hoteli. "Cheti chako cha asili kimewekwa wapi, Daktari?"

Mtu wa huko akihama hukabidhi cheti chake cha asili ofisi ya mji anaohamia, na mahali ilipo karatasi hiyo ndipo alipo yeye. Aliyekiweka mji mwingine ni mpita njia, hata akikaa miaka mitatu. Florin cha kwake alikuwa nacho kwenye mfuko wa koti, hakijawekwa popote tangu mwaka wa chemchemi.

"Mtu ambaye karatasi zake haziko hapa," Toni alisema, "simpi hata ufunguo wa banda la kuku. Usinione nalia."

*

Ofisi ya mji ilikuwa chumba kimoja juu ya zimamoto. Karani wake, Klara Zgraggen, mama wa miaka sitini na mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, alikuwa ameikalia meza ile miaka thelathini na mmoja. Wenyeviti walikuja wakinuna na kuondoka wakicheka, yeye yupo.

Florin aliweka karatasi yake mezani. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja alikuwa anaandikisha jina lake halisi ofisini, na lilimkaa vibaya kidogo, mithili ya viatu vilivyokaa kabatini muda mrefu.

"Unahamia kwetu," Mama Klara alisema. "Kwa shughuli gani, mwanangu?"

"Utafiti, Mama. Waraka wa 1491."

Mama Klara akapandisha miwani puani. Akamtazama kuanzia tai ya hariri mpaka kisigino cha kiatu kilicholika upande mmoja. Akamtazama tena kurudi juu.

"Waraka wa 1491," alisema polepole. "Kumbe. Na wewe ndiye uliyeupata."

"Kwa bahati tu, Mama. Kwenye makabrasha."

"Mungu akubariki. Umekuja wakati wake hasa." Akafungua droo, akachukua muhuri. "Barua ya jimbo hii hapa. Wanasema Wasseregg isipopata mwenyekiti kabla ya Pentekoste, tunafutwa. Tunaunganishwa na mji wa bondeni. Miaka mia sita tumejiamulia wenyewe hata bei ya kuni, halafu tufe kwa sababu kila mtu ana shughuli zake. Wewe msomi unaonaje?"

"Inasikitisha sana," Florin alisema, akiangalia saa.

"Inasikitisha." Muhuri ukashuka, puu. "Haya, Bwana Caduff. Kuanzia leo wewe ni mwenzetu. Haki zote, wajibu wote."

Alishuka ngazi akipiga mluzi. Mama mwenyewe hana neno, alijiambia, mzee wa watu na barua zake. Mtu aliyeishi kwa kuwasoma wenzake, siku hiyo alisoma jalada tu.

*

Ilimchukua wiki mbili na siku tatu. Vyeti alivichapa kwenye mashine ya hoteli, kwenye karatasi nzito za orodha ya vyakula, baada ya kukata kwa mkasi ukingo wenye picha za viazi na jibini. Muhuri aliuchonga mwenyewe: dubu, ufunguo, na maneno ya Kilatini aliyoyanakili kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Chini yake akasaini kwa mkono wa madaha, Dkt. Florin Caduff, na mkia wa herufi ya mwisho ukazunguka jina zima, kisha kila cheti akakitia kwenye bahasha.

Sepp alikuja wa kwanza, kupitia mlango wa jikoni. Akafuata mwoka mikate, na nyuma yake mwalimu wa shule, aliyesoma cheti mara mbili, akasahihisha nukta mkato, akalipa. Mke wa Toni alikuja akasisitiza mumewe asijue. Konstebo Gregor, polisi pekee wa Wasseregg, alikuja na sare yake.

"Hii kitu ni halali?" Gregor aliuliza.

"Wewe si ndiye sheria hapa? Unaionaje?"

Gregor akaigeuza kwenye mwanga. "Ina dubu," alisema, akaikunja akaiweka ndani ya kofia.

Wachache wenye wasiwasi walipanda ngazi za zimamoto kumuuliza Mama Klara, kwa kuzunguka zunguka, kama amewahi kusikia habari za pumziko la ukoo. Mama aliwajibu wote jibu moja: "Mimi karani tu. Ila muhuri wake naona umetulia." Wakashuka mbio kununua.

Mmoja tu ndiye hakulipa: Toni. Cheti alikichukua, lakini pesa alizishika. "Mimi ndiye nitakayetajwa kwanza," alisema. "Cheti kikipita mkutanoni, nakulipa mara kumi ya wengine. Kisipopita, nakutupa mtoni." Kwa mtu mwingine Florin angekula kona siku ileile. Lakini mara kumi! Alikuwa na nyumba ndogo anaiota, huko Lugano, upande wa jua, yenye mnazi uliooteshwa kwenye chungu barazani, na Toni peke yake alikuwa nusu ya nyumba hiyo. Akapiga hesabu ya saa: mkutano baada ya misa, uchaguzi ndio jambo la mwisho, Toni anatajwa, anatoa bahasha, analipa, na basi la posta linaondoka saa sita na dakika ishirini. Bahasha ya pili itakapofunguliwa yeye yuko kona ya tatu ya mlima. Mpango ulikuwa mzuri, na kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba ulimhitaji awepo ukumbini.

*

Jumapili ile ukumbi wa mazoezi wa shule ulijaa mpaka juu ya farasi wa mbao wa kurukia. Walikuwa wachangamfu ajabu. Mwaka uliotangulia watu walikaa wameinama, kila mmoja akijifanya mdogo. Safari hii walikuwa na meno thelathini na mawili nje, wanasalimiana, na kila mmoja ameegemeza kiganja kifuani, pale penye mfuko wa ndani. Florin alitaka kusimama karibu na mlango. Mama Klara akamshika mkono.

"Mtaalamu wetu asimame mlangoni? Haiwezekani. Kaa mbele hapa, pembeni yangu."

Walipitisha mfereji. Walipitisha kodi ya mbwa baada ya ugomvi mkubwa. Saa tano na dakika hamsini Meinrad, mwenyekiti anayemaliza muda, alisimama na machozi ya furaha, akauliza nani anapendekezwa.

"Toni Imholz!" Sepp aliita kabla swali halijaisha.

Toni akainuka kwa heshima zote, akatoa bahasha. Akasoma kwa sauti habari za waraka wa 1491, vizazi vitatu, babu aliyeanguka darajani. Akamaliza, akamtazama Sepp. "Nami nampendekeza aliyenitaja. Sepp Walker."

Sepp akainuka. Akatoa bahasha.

Hapo ukumbi ukapoa. Toni akaitazama bahasha ya Sepp, Sepp akaitazama ya Toni, na wote wawili wakamtazama Florin, ambaye alikuwa ameanza kuhesabu hatua za kufika mlangoni.

"Mwoka mikate," mtu akasema kwa sauti ya kujaribu.

Bahasha.

"Mwalimu."

Bahasha, yenye nukta mkato mahali pake.

"Gregor!" Konstebo akavua kofia, akachomoa. Mke wa Toni alipotajwa na kutoa ya kwake, mumewe alifungua mdomo akasahau kuufunga. Mwisho watu hawakungoja tena kutajwa. Bahasha zilitoka kwenye makoti, kwenye mikoba, moja ilitoka kwenye soksi, mpaka ukumbi mzima ukawa unapepea karatasi za orodha ya vyakula.

Wote walielewa kwa pamoja. Hawakuwa wajinga, walikuwa wameuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lilikuwa wazi mbele yao. Florin aliuona ukweli ukipita safu kwa safu, akasubiri kelele. Neno moja tu lilitosha. Mtu mmoja kati yao aseme "tumeibiwa", na Gregor angemfunga pingu pale pale.

Hakuna aliyelisema. Atakayesema cheti cha jirani ni bandia amesema cha kwake pia ni bandia, na kiti cha Meinrad kilikuwa pale mbele, kitupu, kinasubiri. Watu mia na arobaini wakavaa miwani ya mbao.

Mama Klara akagonga meza kwa kalamu. "Mwenyekiti, kwa utaratibu, mkutano ndio mamlaka ya juu ya mji huu. Nauliza: mkutano unavitambua vyeti hivi?"

Mikono ikapanda kama mtu mmoja. Toni alinyanyua miwili, akakumbushwa kushusha mmoja. Na hivyo, mchana kweupe, kwa kura halali na bila ubishi, uongo wa Florin Caduff ukawa sheria ya Wasseregg. Nimeona sheria nyingi zilizopita kwa sababu mbaya zaidi ya hiyo, na kwa kura chache zaidi.

"Imepita," alisema Mama Klara, akiandika. "Sasa. Wazee waliovuka sitini na tano sheria imewasamehe. Padri na karani hawaruhusiwi. Koo zote za mji zinapumzika." Akageuza ukurasa, akapandisha miwani. "Kwenye daftari langu amebaki raia mmoja. Amehamia wiki tatu zilizopita, cheti chake cha asili kiko kwenye droo yangu, na ukoo wake haujawahi kuutumikia mji huu hata siku moja."

Vichwa vyote vikageuka. Nje, basi la posta lilipiga honi yake ya sauti tatu.

"Mimi?" Florin alicheka. "Ndugu zangu, mimi mgeni. Sijui hata mfereji ulipo."

"Utaonyeshwa," alisema Meinrad kwa upole mkubwa, akianza kuvua mnyororo wa cheo shingoni mwake.

"Nakataa! Katiba gani inamlazimisha mtu kutawala?"

"Si wewe unayeisomesha?" Sepp aliuliza, na ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

Mama Klara akamwinamia sikioni, akaongea kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. "Kukataa unaweza, mwanangu. Unakwenda mbele ya jaji wa jimbo, na vyeti vyote vinapelekwa naye avisome kimoja kimoja. Vina saini yako, nadhani. Umezungusha mkia vizuri."

Florin alimtazama Gregor. Gregor alikuwa anarudisha cheti ndani ya kofia kwa uangalifu wa mtu anayetunza yai. Kwa hesabu yoyote aliyoipiga, jibu lilikuwa jela au mnyororo. Akainamisha shingo, wakamvisha. Makofi yaliyopigwa siku ile yalisikika mpaka bondeni, na basi likaondoka bila yeye.

Toni alimfuata penye meza ya mvinyo na jibini, akamshika bega. "Ile mara kumi, Mheshimiwa. Ningekupa, wallahi. Ila kumpa mwenyekiti pesa ni rushwa, na mimi sitaki kukuharibia."

"Na zile za wengine," Mama Klara akaongezea akipita na sahani, "ni ada za hati za umma, maana mkutano umezitambua. Utazileta kesho saa mbili. Mfereji hauna bomba."

*

Kesho yake saa mbili alizileta. Aliziweka mezani, akakaa kwenye kiti kile kilichonyonya nguvu za Meinrad.

"Ulijua tangu siku ya kwanza," alisema. "Kwamba hakuna waraka."

"Makabrasha ya mji yaliungua 1502. Hakuna karatasi hapa yenye umri zaidi ya huo." Mama Klara alikuwa anachonga penseli. "Lakini nilikuwa na mji unaokufa, na watu wasiotaka hata kuushika mkono. Halafu anaingia mtu anayeweza kuwaaminisha watu mia na arobaini chochote. Jimbo linataka kutufuta, wewe utakwenda kutusemea. Huko nako kwa maneno matamu hakuna aliye bora kuliko wewe. Niseme ukweli, nilimshukuru Mungu."

Florin akafikiria mnazi wa chungu. Kisha akapata wazo, na uso wake ukarudisha rangi.

"Nikihama? Mtu akihama, wajibu unaisha. Naomba cheti changu cha asili."

"Mwenyekiti akitaka kuhama, makamu wake ndiye husaini kumwachia."

"Makamu ni nani?"

"Hatuna."

"Basi tuchague!"

"Jaribu," alisema Mama Klara, akampa mwavuli.

Alijaribu wiki nzima, kwenye mvua, mlango kwa mlango. Alimsifia mwalimu utukufu wa utumishi. Kwa mwoka mikate alieleza jinsi jina lake litakavyochongwa kwenye jiwe la daraja, kisha akamwambia Sepp, kwa machozi ya kweli safari hii, kwamba mji bila watu wa kuutumikia si mji. Alikuwa hajawahi kusema vizuri vile maishani mwake, na kibaya zaidi ni kwamba kila neno lilikuwa la haki. Walimsikiliza kwa adabu, wakampa kahawa, wakatikisa vichwa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa hoteli. Toni alimsikiliza mpaka mwisho, akifuta glasi. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa bahasha, akakikunjua cheti juu ya kaunta na kukigeuza ili mgeni wake aweze kukisoma.

"Ningependa sana, Mheshimiwa," alisema. "Ila mimi nimepumzishwa kisheria. Angalia hapo chini mwenyewe uone nani kasaini."